Gesi ya Songo Songo na Mvuvi wa Kilwa

Kama umewasha taa alfajiri hii ukiwa Dar es Salaam, huenda mwanga huo umetokana na gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa. Iligunduliwa mwaka 1974. Tangu 2004 inapita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu mpaka mitambo ya umeme ya Ubungo.

Gesi hiyo ni mali ya Watanzania wote, nami naliunga mkono hilo kwa moyo mmoja. Mama anayejifungua Mwanza ana haki nayo sawa na mvuvi wa Kilwa. Lakini hatari haigawanywi hivyo. Ajali ikitokea, watakaoumia kwanza ni matumbawe, samaki na wavuvi wa Kilwa. Kule Likong'o, Lindi, wananchi wametakiwa kupisha mtambo mkubwa wa kusindika gesi unaopangwa kujengwa. Katika fidia, mkorosho unathaminiwa kwa shilingi. Je, makaburi ya wazee?

Mambo haya yaelezwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mkataba wa mradi kusainiwa. Na anayesita aulizwe sababu zake, asiitwe adui wa maendeleo.