Samaki ni wa Nani?

Mkazi wa Sumbawanga hununua dagaa sokoni na kurudi nyumbani pasipo kuliona ziwa walikotoka. Ziwa Tanganyika liko chini, magharibi ya uwanda wa Ufipa, na njia huliteremkia mpaka Kasanga. Umbali huo huzaa swali: mlaji wa juu ana wajibu gani kwa samaki wa chini?

Elimu ya urithi imetoa jambo la kuzingatia. Uchunguzi wa chembe za urithi za dagaa wa ziwa hilo, uliotangazwa mwaka 2019, haukuona makundi mbalimbali baina yao. Ni kabila moja lililoenea katika maji ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Samaki wa miambani wa jamii ya Tropheus ni kinyume chao: aghalabu hawavuki mchanga, na kwa hiyo pwani moja huwa na ukoo na rangi isiyopatikana kwingine.

Sasa maji yanapata joto. Samaki wengi wa pwani za bahari, joto likizidi, huhamia upande wa ncha za dunia. Ziwa lina mwisho wake. Mbele ya Mpulungu ni nchi kavu. Tena, tabaka la juu likipata joto, halichanganyiki vema na la chini. Rutuba hubaki vilindini, na chakula cha samaki hupungua. Wataalamu walieleza hayo mwaka 2003.

Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulifungwa upande wa Tanzania tangu 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaliane. Yafaa, maana mtego usiopumzika humaliza hata mbegu. Lakini kufunga hakupozi maji, wala si mvuvi wa Kasanga aliyeyatia joto. Moshi wa viwanda vya mbali haukuomba ruhusa kupita.

Ikiwa dagaa ni kabila moja, hakuna taifa liwezalo kusema, “Hawa ni wetu,” wala mlaji hawezi kusema, “Haya si yangu.” Wajibu haupimwi kwa ukaribu wa maji, bali kwa fungu ambalo kila mtu huchukua. Mvuvi akitakiwa kuiweka kando nyavu yake miezi mitatu, mlaji naye hana budi kushiriki gharama yake, na mwenye kiwanda kupunguza moshi wake. Saumu ya wengi ikifungwa na mmoja, hiyo si saumu, ni njaa.