Utu Uzima na Maswali ya Mlangoni

Mwaka 1987 kampuni ya Sierra On-Line ya Marekani ilitoa mchezo wa tarakilishi uitwao Leisure Suit Larry in the Land of the Lounge Lizards, uliobuniwa na Al Lowe. Mhusika wake mkuu, Larry Laffer, ni mwanamume wa makamo anayehangaika usiku kucha akitafuta mwanamke wa kulala naye. Toleo la 1991 lilimwondolea mchezaji kazi ya kuandika amri, likamwachia kuelekeza kipanya na kubonyeza tu. Masihara yake mengi ni ya kitoto, wala hayahitaji uchambuzi mrefu. Kinachouhitaji ni mlango wake.

Kabla ya kuingia, mchezaji huulizwa maswali ya chemsha bongo yanayohusu zaidi siasa na burudani za Marekani. Ajibuye vyema huhesabiwa kuwa mtu mzima. Je, utu uzima ni jambo la kujua?

Achukuliwe mzee wa Eldoret wa mwaka huo, mwenye wajukuu, wa rika la Kaplelach. Kwa mizani ya Larry, yeye ni mtoto; naye mvulana wa Chicago wa miaka 13, mwenye kumbukumbu nzuri, ni mtu mzima. Yaweza kudaiwa kwamba dosari hii ni ya kiutamaduni tu, na kwamba maswali yangeweza kutungwa upya kuihusu Kenya. Utetezi huo ni dhaifu, kwani maswali hayo nayo yangempitisha mwanafunzi hodari wa shule ya msingi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 260, huhesabu miaka 18 na kuishia hapo. Haijidai kupima akili ya mtu.

Jandoni pia mna mafunzo na mafumbo. Hata hivyo, mwari hatoki huko kwa majibu yake pekee. Hutolewa na watu wanaomjua, ambao hulaumiwa akipotoka. Ushahidi wa namna hiyo tarakilishi haiwezi kuutoa.

Lakini jamii nayo isitukuzwe kupita kiasi. Wasichana waliokeketwa na kuozwa wangali wadogo walitangazwa kuwa watu wazima mbele ya mashahidi wengi, waliowajua tangu kuzaliwa. Tofauti iliyopo ni kwamba sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji ilijua pa kumtafuta mkosaji: kwa ngariba, na kwa aliyempeleka mtoto. Mlangoni pa Larry hapakuwa na wa kutafutwa, na katika toleo la kwanza vitufe viwili vilivyobonyezwa pamoja vilitosha kuyaruka maswali yote.