Kichwa cha Kamba



Hapa Al Nahda, mtaa wa Dubai unaopakana na Sharjah, Ijumaa yetu haipendezi bila wali wa kamba. Mikia tunaikaanga. Vichwa hatutupi: tunaviponda, tunavichemsha, tunavichuja, na supu yake ndiyo tunayopikia wali. Ndivyo tulivyolelewa Pwani.

Ijumaa moja tulikuwa na mgeni mjamzito. Sinia ilipowekwa akauliza, "Ami, nyinyi mainjinia mnajua mambo ya vipimo. Kamba hawa ni salama?" Tukajibu haraka kwamba wamekaguliwa, wana muhuri. Akala. Usiku usingizi ukatupaa, maana jibu letu lilikuwa nusu ya tunayoyajua.

Umoja wa Ulaya, kwa mfano, umeweka kikomo cha kadimiamu katika kamba: miligramu 0.5 kwa kilo. Lakini kikomo hicho ni cha nyama ya mkia na miguu. Kichwa hakimo, na kichwani ndimo kilimo kiungo kinachofanya kazi ya ini, ambamo metali hiyo hujikusanya. Moto hauiangamizi. Ikiingia mwilini mwetu, hukaa katika figo zaidi ya miaka kumi. Mlo mmoja hauui. Mazoea ndiyo yenye hesabu. Basi muhuri haukusema uongo. Ulijibu swali la meza ambayo vichwa hutupwa. Meza yetu haikuulizwa.

Hili si geni kwetu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu. Kilichokuwa kikisafirishwa ni minofu. Vichwa na mifupa, yale mapanki, vililiwa na maskini wa huko huko. Mlaji wa mbali alikuwa na maabara. Wa karibu alikuwa na imani yake tu.

Tusimlaumu mwingine upesi. Mwaka 2001 na 2002 ilipogunduliwa dawa ya kloramfenikoli katika kamba wa kufugwa kutoka Asia, wengi tulimlaani mfugaji. Dawa hiyo, kwa watu wachache sana, huharibu uboho unaotengeneza damu. Na viuavijasumu vikitumiwa ovyo, vijidudu huvizoea. Lakini mfugaji aliona bwawa lake limejaa kupita kiasi, akaogopa kamba wake wasife. Nasi je? Hatukununua vidonge viwili vitatu dukani bila daktari, tukaacha tulipopata nafuu? Kosa ni lile lile: kujitibia hofu ya leo kwa afya ya mwenzio wa kesho.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Asiyejua tunamsamehe. Anayejua akanyamaza ili karamu isiharibike, huyo ameshika taa akaifunika.

Asubuhi tulimpigia simu mgeni wetu, tukamweleza yote, na kwamba si jambo la kumtia hofu, ila supu ya vichwa aipunguze. Akashukuru. Kisha akauliza, "Mbona hamkusema jana, Ami?"

Hatukuwa na jibu. Siku hizi mikia tunakaanga kama kawaida, wali tunaupika kwa tui peke yake, na mgeni akiuliza kwa nini, tunamweleza kabla hajanawa mikono.