Pumzi Nje ya Mwili

Ekmo ni mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili. Damu hutolewa kwa mrija mnene, aghalabu kutoka mshipa mkubwa wa paja, ikasukumwa na pampu hadi kwenye pafu la bandia. Humo huacha kaboni dayoksaidi, huchukua oksijeni, kisha hurudishwa mwilini karibu na moyo. Mashine hii haiui kirusi wala haitibu pafu. Hulipumzisha tu, mpaka mwili uushinde ugonjwa wenyewe. Kiswahili kimeyatoa maneno kupumua na kupumzika katika shina moja, na hapa yanakutana kweli.

Wakati wa mlipuko wa mafua ya H1N1 mwaka 2009, wagonjwa 68 waliunganishwa na ekmo Australia na New Zealand, na wengi wao wakatoka hai katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Ulipokuja UVIKO-19, mashine hiyo iliokoa wengi, ingawa wengine walikaa nayo kwa wiki na miezi bila mapafu kurejea.

Hapo ndipo swali zito linapozuka. Tangu kale mauti yalitambuliwa puani: aliyekata pumzi amekata roho. Biblia na Qur'ani zote zinasimulia uhai wa Adamu ukianza kwa kupuliziwa. Lakini mgonjwa wa ekmo anaweza kuwa na mapafu yasiyopitisha hewa hata kidogo, naye yuko macho, anawatambua wanawe, anabana mkono wa mkewe. Huyo ni hai, bila shaka yoyote. Pumzi, basi, ni mtumishi wa uhai. Si uhai wenyewe.

Je, mapafu yakigeuka makovu matupu, na kupandikizwa mengine hakuwezekani, kuizima mashine ni kuua? Papa Pius XII, akiwajibu madaktari wa usingizi mwaka 1957, alisema mtu halazimiki kutumia njia zinazopita kiasi ili kurefusha maisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mashine kuondolewa ubongo ukishakufa kabisa, hata kama moyo bado unadunda kwa msaada wa vifaa. Uamuzi huo unamfaa aliyekwisha kufa ubongo; haumgusi mgonjwa anayetazama na kusikia. Kwake yeye jibu la 1957 ndilo lililo karibu zaidi, kwa kuwa linapima mzigo anaoubeba mgonjwa: mirija, damu kuvuja, maambukizi, na kungoja kusiko na mwisho. Anayeukataa mzigo huo hajiui, na daktari anayemtii hamuui. Kinachoua ni ugonjwa. Lakini kumzimia mtu aliye macho bila kumwambia, eti kwa sababu kitanda kinahitajika, ni dhuluma, hata kama anayengoja kitanda hicho ana matumaini makubwa zaidi.

Madaktari huiita ekmo daraja, na daraja lisilo na ng'ambo halimvushi mtu. Kwa hiyo mgonjwa na jamaa zake waelezwe mapema, kabla mrija wa kwanza haujaingizwa, kwamba mashine imewekwa kwa majaribio, na ni dalili zipi zitakazoonyesha kuwa majaribio yamefika mwisho. Akishalazwa usingizi wa dawa, hataweza tena kuulizwa.