Aliyehamishwa na Aliyetumwa

Somo: Matendo ya Mitume 11:19–30 na 13:1–4

 

Katika ibada zetu vijana wengi husimama na kushuhudia kwamba Bwana amewaita kupeleka Injili ng'ambo. Tunamshukuru Mungu kwa ushuhuda huo. Lakini sisi tunaoishi kambini tunajua kwamba neno "ng'ambo" lina uzito wake masikioni mwetu. Familia nyingi zina faili la nchi ya tatu, na zimengoja miaka. Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, wapo waliouliza: je, na mwito wangu umesimamishwa? Swali hili linastahili kujibiwa kwa Neno la Mungu.

Tuanzie Antiokia. Kanisa lile halikuanzishwa na mitume. Luka anatuambia kwamba lilianza kwa watu waliotawanyika kwa sababu ya dhiki, baada ya Stefano kuuawa. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Walipofika ugenini hawakunyamaza, bali walimhubiri Yesu hata kwa Wayunani. Kisha Barnaba akaja, akaenda kumtafuta Sauli, na hao wawili wakafundisha pale mwaka mzima. Habari za njaa zilipokuja, kanisa hilo likachanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, likapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Ndipo tunapofika sura ya 13: wakafunga, wakaomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli, wakawaaga.

Hapa tuone tofauti. Aliyehamishwa huondolewa na vita, na njaa, au na barua ya ofisi. Aliyetumwa huenda kwa sababu Roho Mtakatifu amesema na kanisa limethibitisha. Ndege moja yaweza kuwabeba wote wawili, lakini wakishuka, mmoja anajua alichofuata na nani anamwombea. Hatusemi kwamba kutamani nchi ya tatu ni dhambi. Mzazi anayetafutia watoto wake shule na usalama hafanyi kosa. Tunasema kwamba tamaa hiyo isivikwe joho la mwito.

Historia ya kanisa inatupa mfano mwingine. Mwaka 1722 waumini kutoka Moravia, waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani, walipata hifadhi Saxony, Ujerumani, katika ardhi ya bwana mmoja aitwaye Zinzendorf. Wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Miaka ya mwanzo waligombana sana. Mwaka 1727 wakapatana, wakaanza zamu za maombi mchana na usiku, na zamu hizo zikadumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 wakatuma watu wawili, Leonhard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala, kwenda kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi, kwa Waafrika waliokuwa watumwa huko. Dober hakuondoka siku ile aliposema ameitwa. Alingoja karibu mwaka mmoja kanisa likilipima jambo lake. Wengine husimulia kwamba ndugu hao walijiuza wawe watumwa. Sivyo. Walikuwa tayari hata kwa hilo, lakini huko Nitschmann alipata riziki kwa useremala wake. Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilohilo la Moravian walifika Rungwe, hapa Tanzania. Kanisa lililowatuma lilikuwa limeanza upya katika kijiji cha wakimbizi.

Basi sisi tujiandaeje?

1. Tuanze na jirani. Mwaka 2015 ndugu wengi kutoka Burundi walipoingia Nyarugusu, sisi Wakongomani tuliletewa mataifa hadi mlangoni. Kijana anayesema ameitwa kwa mataifa, tunamwuliza: Kirundi umejifunza? Mgonjwa wa zoni nyingine umemtembelea? Asiyevuka barabara ya kambi kwa ajili ya Injili, bahari ataivuka kwa ajili ya nini?

2. Tupatane. Herrnhut walituma baada ya kupatana. Wengi wetu tumekimbia vita vilivyofanya kabila la mtu kuwa sababu ya kuuawa. Tukiibeba chuki hiyo ng'ambo, tutapanda huko kanisa la kabila letu tu.

3. Tujifunze kazi ya mikono na lugha. Paulo alishona mahema (Matendo 18:3). Kanisa linaloishi kwa mgao haliwezi kumlipa mmisionari mshahara. Cherehani, useremala na Kiingereza vinavyofundishwa kambini vyaweza kuwa chakula cha mtumishi kesho.

4. Tukubali kupimwa. Anayetaka kutumwa atumike kwanza hapa: Shule ya Jumapili, kuwachotea maji wajane, kufagia kanisa. Yohana Marko aliwaacha wenzake njiani (Matendo 13:13). Baadaye Paulo mwenyewe alishuhudia kwamba anamfaa (2 Timotheo 4:11). Kurudi nyuma si mwisho wa mtu, lakini ni heri udhaifu ujulikane nyumbani, mbele ya wazee wanaompenda.

5. Tunaobaki tutume kweli. Barnaba na Paulo walirudi Antiokia wakatoa habari ya kazi yao (Matendo 14:26–27). Familia ikipata safari, tusiishie kuifanyia karamu ya kuaga. Wazee waiwekee mikono, waikabidhi kazi, na jina lake lisomwe katika maombi yetu kila juma.

Sasa tumjibu aliyeuliza. Ndugu yetu, ofisi yaweza kusimamisha safari, lakini mwito wa Mungu hauko mikononi mwake. Kama ni Bwana aliyekuita, kazi yako imekwisha kuanza hapa ulipo, na miaka hii ya kungoja ni shule yako. Na kama hatakupeleka ng'ambo kamwe, wako hapa kambini watu ambao hawajasikia habari ya Yesu kutoka kinywani mwako.

Tuombe: Bwana wa mavuno, tupatanishe, tufundishe, tupime, kisha ututume utakako. Amina.