Je, Umaskini Wetu ni Laana ya Kam?



Yako maneno yanayosemwa jioni huko Panda, na pengine hata mlangoni pa kanisa: kwamba Mzungu ni tajiri kwa kuwa Mungu alimpendelea, na mtu mweusi ni maskini kwa kuwa Noe alimlaani Kam, babu yetu. Wengine huyasema wakicheka, lakini moyoni wanayasadiki. Naye anayesadiki hivyo, atamwitaje Mungu Baba yake siku ya ubatizo?

Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9. Aliyelaaniwa pale ni Kanaani, siye Kam. Na aliyelaani ni Noe, siye Mungu. Sura ya 10 yatuonyesha makao ya wana wa Kanaani: upande wa Sidoni na Gaza, mbali kabisa na Katanga. Rangi ya ngozi haikutajwa hata mara moja. Laana hiyo tuliwekewa na watu waliotaka kuwatumikisha wenzao bila kusumbuliwa na dhamiri. Tena someni Matendo ya Mitume, sura ya 8: mtu wa Ethiopia, mtunza hazina ya malkia wake, alibatizwa na Filipo kabla ya Kornelio, akida wa Kirumi.

Basi umaskini ulitoka wapi? Tuangalie nyumbani. Kabla Mzungu hajafika, Wasanga walichimba shaba, wakaiyeyusha, wakafua misalaba ya biashara. Akili ilikuwapo, na mali ilikuwapo. Lakini tarehe 1 Julai 1885 amri ya Serikali ya Leopold ilisema kwamba nchi isiyo na watu ni mali ya Serikali. Nani aliulizwa? Shamba lililoachwa lipumzike, pori la kuwinda, vyote vikahesabiwa havina mwenyewe. Mwaka 1906 Union Minière ikaundwa, na baadaye mitambo ya shaba ikajengwa Panda na Shituru, katika mji ulioitwa Jadotville hata 1966. Mzungu alilipwa mshahara mkubwa. Mweusi alipewa faranga chache na posho ya unga. Posho huliwa ikaisha, haimwachii mtoto urithi. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi huko Elisabethville. Shule nazo zilikomea chini: tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Wako wanaosema: hayo yalikwisha 1960. Bendera ilibadilika kwa siku moja, lakini mali iliyokusanywa miaka 75 haigawanyiki kwa siku moja. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na Serikali ya Kongo, na nyumba ya mchimbaji haikugeuka kuwa ya tajiri. Hapo weusi wenzetu nao wana hesabu ya kutoa. Wala tusimwite kila Mzungu mwizi. Huo nao ni uongo, na amri ya nane yaukataza.

Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, ameandika juu ya mshahara uliozuiliwa na kilio chake kinachofika masikioni mwa Bwana. Hakuuliza rangi ya aliyeuzuia. Someni sura hiyo nyumbani kabla ya mafundisho ya Jumapili, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.