Jirani wa Ndovu



Tangu sarafu mpya zitolewe Desemba 2018, kikapu cha sadaka hupita kanisani kimebeba wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Wapo waumini wengi wa Kitui na Makueni ambao hawajawahi kumwona kifaru popote isipokuwa hapo kiganjani. Wageni kutoka mbali hupita Makindu na Kibwezi kwa barabara kuu ya Mombasa, wakaingia Tsavo Magharibi kwa lango la Mtito Andei. Humo huwaona ndovu waliogeuka wekundu kwa udongo wa huko, na wenye bahati humwona kifaru mweusi katika hifadhi ya Ngulia, iliyoanzishwa mwaka 1986. Furaha yao ni halali. Anayemtazama ndovu akamsifu Muumba amesali.

Ila mkulima wa Mutha au wa Nthongoni humjua ndovu kwa masikio, usiku, matawi yanapovunjika. Ndovu mzima huweza kula kilo 150 za malisho kwa siku. Mahindi na ndengu zilizongojewa tangu mvua za Novemba huisha kabla ya jogoo kuwika. Na kiu haichagui. Katika ukame wa 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba, na miezi hiyohiyo mama zetu walikuwa wakiamkia foleni za maji na mitungi yao. Watu na wanyama walikuwa wakilitafuta tone lilelile.

Zaburi ya 104 inasema kwamba usiku ni wa wanyama wa mwitu, na simba humwomba Mungu chakula chake. Jua likichomoza, mwanadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Kila mmoja amepewa zamu yake. Lakini mtunga zaburi hakulala macho kando ya shamba akipiga debe ili watoto wake wapate cha kula.

Kwa hiyo wiki hii nawaombeni tusome Ayubu, kuanzia sura ya 38. Ayubu alikuwa amepoteza mifugo, watumishi na watoto. Mungu alipomjibu, hakumweleza sababu. Alimwonyesha simba, punda-mwitu, nyati, mbuni, na hata mnyama mmoja mkubwa mla majani, akamwambia kwamba alimuumba huyo pamoja naye. Maneno hayo ni mazito: mnyama asiye na faida kwa Ayubu, asiyefugika, ana Muumba yuleyule.

Tuangalie pia aliyeyasema. Ni Mungu mwenyewe. Marafiki wa Ayubu, waliokuja na maelezo tayari, walikaripiwa katika sura ya 42. Basi sisi tunaoishi mbali na mpaka wa mbuga tusimhubirie mjane aliyekanyagiwa ndengu kuhusu uzuri wa ndovu. Tukifanya hivyo tumekuwa wale marafiki.

Wala tusijifanye hatuna deni. Katika karne ya 19 wazee wetu Wakamba walikuwa mabingwa wa mishale ya sumu, na misafara ya pembe iliyoongozwa na wafanyabiashara kama Kivoi ilitoka Kitui hadi Mombasa. Tsavo ilipofanywa mbuga mwaka 1948, nyika walimozoea kuwinda zikafungwa. Kidonda hicho ni cha kweli. Hata hivyo mwaka 2014 ndovu mashuhuri aliyeitwa Satao aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu, na nasema wazi: kuua kwa ajili ya pembe ni dhambi, na sumu kwenye bwawa ni dhambi pia.

Njia nyingine ipo, tena iko karibu na urithi wetu. Huko Sagalla, Taita Taveta, wakulima hutundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akiugusa, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia. Mkulima hubaki na mavuno na asali. Nani anawajua nyuki kuliko Wakamba?

Kuna pia haki iliyoandikwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na inatambua hasara ya mazao. Malipo yamekuwa yakichelewa, wakati mwingine kwa miaka, na wengi hukata tamaa kabla hata ya kuandikisha madai. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, Jumapili hii baada ya misa ulizeni ni nani ameharibiwa shamba msimu huu. Mwende naye kwa chifu na kwenye kituo cha Shirika la Wanyamapori (KWS), mumsaidie kujaza fomu, mtunze nakala, na mrudi kufuatilia hadi alipwe.